Kabla ya nyoka, themostati

Umesimama dukani na mtoto wako. Nyuma ya kioo amejikunja kinda wa nyoka, mwekundu kama udongo wa Moshi, mnene kama penseli. Muuzaji anakwambia hana sumu, hapigi kelele, anakula mara moja kwa wiki, na ukimchukua leo unapewa na tangi lake kwa bei ya pamoja. Mtoto ameshampa jina. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunarudi nyumbani na nyoka mkono huu na vifaa mkono ule, tunafungua vyote usiku uleule, na nyoka ndiye anayetumika kujaribia kama vifaa vinafanya kazi.

Na mimi nimo katika hao wengi. Naishi Uingereza, ambako kufuga nyoka chumbani si ajabu kuliko kufuga kasuku. Mama mkwe wangu alipopigiwa simu Tanga kuambiwa kwamba mjukuu wake anafuga nyoka, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huku kwetu paka wamekwisha. Akamalizia na ile ya mtoto wa nyoka ni nyoka. Sikumbishia. Ila kwa upande wa makazi, mtoto wa nyoka hafanani na nyoka mkubwa: hupenya palipomzuia mama yake, hukauka upesi, hupoa upesi, na hutishika na uwazi ambao mkubwa angeuzoea.

Kwa msomaji aliye nyumbani Afrika Mashariki, neno moja kabla hatujaendelea. Nyoka uliyemkuta shambani au darini ni mnyamapori, na kumweka kwako bila kibali ni kosa. Kenya inatumia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ile ya mwaka 2009. Ninaowazungumzia hapa ni nyoka wasio na sumu, waliozaliwa kwenye vizimba vya wafugaji na kuuzwa kihalali katika nchi zinazoruhusu. Ukitaka kumwona koboko, nenda kwa wanaojua kazi hiyo, mfano kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu, umwangalie kupitia kioo.

Wanaoanza ufugaji huku huangukia kwa nyoka wa aina mbili. Wa kwanza ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, mwenye tumbo la madoa meusi na meupe kama ubao wa drafti. Hutoka kwenye yai akiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, na akikua hufika mita moja na robo, wengine moja na nusu. Wa pili ni chatu mdogo wa Afrika, Python regius, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme. Huyu ni jirani yetu, maana makazi yake yanaanzia Senegal hadi kaskazini mwa Uganda, na maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana kuuzwa Ulaya na Marekani. Porini hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu. Kikumbuke hicho kichuguu, tutakirudia.

Joto ni mahali

Sisi tukila ugali, sehemu kubwa ya chakula kile inakwenda kupasha moto mwili. Nyoka hana gharama hiyo, ndiyo maana kipanya kimoja kinamtosha wiki nzima. Lakini joto asilolitengeneza lazima aliazime, na akikosa pa kuliazima chakula hakisagiki. Kitoto cha panya kinamwozea tumboni, siku mbili tatu baadaye anakitapika, na kinda wa gramu saba au nane aliyetapika mara mbili mfululizo yuko hatarini. Wafugaji wapya hufikiri nyoka wao ni mgonjwa. Mara nyingi ni baridi tu.

Dawa yake si kupasha sanduku lote. Mtazame mzee aliyeketi chini ya mwembe: asubuhi kiti chake kiko juani, saa sita amekivutia kwenye shina, alasiri amehamia upande wa pili. Nyoka anaishi hivyo maisha yake yote, na kazi yako ni kumpa jua na kivuli ndani ya sanduku moja ili kiti akihamishe mwenyewe. Upande mmoja uwe na joto, wa pili uwe wa kupumulia. Kwa nyoka wa mahindi, sakafu ya upande wa joto iwe nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na upande wa pili 21 hadi 24. Chatu wa kifalme anataka zaidi kidogo: 31 hadi 33 upande wa joto, na ule mwingine usishuke sana chini ya 25. Nyoka wa mahindi anavumilia usiku wenye baridi ya kiasi. Chatu usimjaribu.

Namba hizo hupimwa pale nyoka anapolaza tumbo. Vile vipimajoto vya duara vinavyobandikwa ukutani mwa tangi, vyenye mshale na rangi nzuri, vinakusomea joto la ukuta. Tupa. Nunua vya kidijitali viwili, vyenye waya na kichwa kidogo cha kupimia, uweke kimoja kila upande, chini kabisa, ndani ya maficho yenyewe.

Mkeka, taa, na kile kisanduku kidogo ukutani

Kwa kinda anayeanzia kwenye sanduku dogo la plastiki, chombo chepesi ni mkeka wa joto, ile karatasi nyembamba ya umeme inayolazwa chini ya sanduku. Ufunike theluthi moja ya sakafu, usizidi nusu, vinginevyo umefuta kivuli. Ukae nje, kati ya sanduku na meza, na sanduku liinuliwe kidogo kwa vigingi ili hewa ipite. Usiuweke juu ya zulia wala kitanda. Ndani, juu ya mkeka huo, usirundike maranda: sentimita mbili zinatosha, kwa sababu rundo huzuia joto lisipande, na nyoka akichimba hadi chini analikuta lote limejikusanya hapo.

Sasa lile nililojifunza kwa aibu. Mkeka wangu wa kwanza niliuchomeka moja kwa moja ukutani. Kwenye boksi lake paliandikwa kwamba unajitosheleza, na muuzaji alinihakikishia kuwa wati saba haziwezi kumchoma mtu. Usiku wa pili niliweka kichwa cha kipimajoto sakafuni, chini ya maranda, nikaenda kuswali. Niliporudi kilisoma 46. Nikafikiri kimeharibika, nikaingiza kiganja. Ukigusa unasema ni vuguvugu nzuri. Ukikiacha dakika tatu unakitoa. Nyoka haondoki baada ya dakika tatu. Wanyama hawa wanaweza kulala juu ya kitu kinachowababua tumbo wasihame, na alama utakayoiona siku chache baadaye, magamba yaliyogeuka rangi ya kahawia na kulowa, ni nyama iliyoungua. Mikeka mingi inafika joto hilo. Ndivyo ilivyotengenezwa, ikitegemea kwamba kitu kingine kitaizima.

Kitu hicho ni themostati. Ndiyo kifaa cha lazima kuliko vyote, na ndicho ambacho watu hukiruka kwa sababu bei yake yaweza kuzidi ya nyoka. Kwa mkeka inatosha ile rahisi ya kuwasha na kuzima. Taa ya seramiki, isiyotoa mwanga, inataka themostati inayoachia umeme kwa vipande. Taa yenye mwanga inataka ile inayofifisha, maana ukiitumia ya kuwasha na kuzima taa itamemeta kama disko mpaka iungue. Ukinunua, mwambie muuzaji ni ya chombo gani.

Kichwa cha themostati kikae wapi? Kwa sanduku la plastiki mimi hukibana nje, kati ya mkeka na sakafu, kwa utepe, kisha napandisha namba taratibu hadi kipimajoto cha ndani kisome 29. Wengine hukiweka ndani. Ubaya wake niliuona kwa rafiki: nyoka alimwaga bakuli la maji juu ya kichwa kile, themostati ikadhani kumekuwa baridi, ikauacha mkeka uwake bila kupumzika. Nyoka akikisukuma kando yatatokea yaleyale. Ukikiweka ndani, kifunge kisiweze kusogea, na usikibandike kwa utepe wenye gundi mahali nyoka anapopita. Gundi ikimshika, gamba linatoka na ngozi.

Kwa makazi makubwa ya mbao au plastiki ngumu, joto la juu ni bora kuliko mkeka, na hasa usiuweke mkeka chini ya mbao, maana mbao huzuia joto lisipande nalo hujaa kwenye mkeka wenyewe. Taa ya halojeni mchana inafanana zaidi na jua; seramiki inafaa usiku pale nyumba inapopoa. Zote mbili zifungwe ndani ya kizimba cha waya. Nyoka atapanda na kujizungusha kwenye taa, hilo usiwe na shaka nalo. Soketi ya taa ya seramiki iwe ya kauri, si ya plastiki, kwani plastiki itayeyuka. Taa nyekundu za usiku hazina faida niliyoiona. Mwanga hafifu wa urujuanimno mchana ni wa hiari kwa nyoka hawa, na walio nao hawajutii.

Mawe ya umeme, yale yanayouzwa yakiwa na umbo la mwamba, usinunue. Yanaunguza.

Sanduku lenyewe

Tangi la kioo linapendeza sebuleni, na ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza. Kioo hakishiki joto, mfuniko wa wavu unatoa unyevu wote juu, na pande nne za uwazi zinamfanya kinda ajione yuko katikati ya uwanja wa mpira. Ukiwa nalo tayari, funika pande tatu kwa karatasi nyeusi na sehemu kubwa ya wavu kwa ubao au karatasi ya alumini, ukiacha wazi sehemu ya taa. Mbao hushika joto vizuri lakini hunywa maji. Kwa chatu anayehitaji unyevu, maungio yazibwe kwa silikoni isiyo na sumu, uiache siku kadhaa ikauke mpaka harufu iishe.

Kwa miezi ya mwanzo mimi nasimama na sanduku la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa vibano, urefu wa sentimita 40 hivi. Si zuri kutazama. Toboa matundu ya milimita tatu kwa keekee, safu mbili kila upande, kutoka ndani kwenda nje, kisha pitisha msasa ili kusiwe na ncha ya kumkwaruza pua. Sanduku hili linakaa na unyevu, linaoshwa kwenye sinki, na chakula hakipotei ndani yake.

Wapo wanaosema kinda akiwekwa kwenye makazi makubwa anagoma kula. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na nadhani wanaona jambo la kweli na kulipa jina lisilo lake. Kinda hatishwi na ukubwa, anatishwa na uwazi. Porini hana ukuta wowote, lakini kila hatua kuna jani, gome, shimo. Jaza makazi makubwa kwa magome, matawi, majani makavu na maficho kila baada ya kiganja, atakula. Basi sanduku dogo ni kwa urahisi wako wewe wa kumfuatilia, wala lisigeuke kifungo cha maisha. Nyoka wa mahindi akifika sentimita 60, mhamishie kwenye makazi ya sentimita 90 kwa 45. Mkubwa apewe walau 120 kwa 60, au zaidi, ili aweze kujinyoosha mwili wote. Wauzaji wanaokwambia nyoka hapendi kujinyoosha waulize wamewahi kumpa nafasi hiyo lini.

Na kutoroka. Wangu wa kwanza alitoroka siku ya tatu. Nilikuwa nimenunua makazi ya mbao yenye milango miwili ya kioo inayoteleza, na pale vioo vinapopishana pana mwanya ambao sikuuona kwa sababu nilikuwa natafuta tundu la kupita nyoka, na nyoka kichwani mwangu ni kitu kikubwa. Tulimtafuta siku kumi na moja. Mke wangu alikuwa haingii jikoni bila viatu. Tulimkuta nyuma ya friji, kando ya mota yenye joto, mkavu, mwembamba, mzima. Tangu hapo kipimo changu ni penseli ya mtoto wa shule: inapoingia penseli, hapo si salama, na hata inapokaribia kuingia pazibwe. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Mwanya wa vioo huzibwa kwa ukanda wa mpira au sponji unaobandikwa ukingoni. Tundu la nyaya lijazwe sponji. Mfuniko wa plastiki unaopinda katikati ufungwe mkanda. Akikutoroka, anza na maeneo ya joto na giza: friji, mashine ya kufulia, nyuma ya redieta, chini ya bomba la maji ya moto.

Ndani

Hapa ndipo kichuguu kinarudi. Chatu wa kifalme hulala mahali finyu, penye giza na unyevu, na mgongo wake ukigusa dari. Maficho yake yamguse pande zote. Lile pango kubwa la kuvutia kutoka dukani, kwake ni ukumbi. Weka maficho mawili yanayofanana, moja kila upande. Ukiweka moja tu upande wa joto, umemlazimisha achague kati ya usalama na kupoa, na atachagua usalama hata kama anaungua. Kwa kinda, bomba la katikati la karatasi ya chooni au kipande cha trei ya mayai vinafaa kuliko vya bei, na vikichafuka unatupa.

Sakafu ya wiki za mwanzo iwe karatasi nyeupe za jikoni. Utaona kinyesi, utaona kama ametapika, utaona utitiri, vile vidoa vyeusi vinavyotembea. Baadaye, maranda ya aspeni yanamfaa nyoka wa mahindi maadamu hayalowi. Kwa chatu, makumbi ya nazi yaliyosagwa. Watu wa pwani mtacheka mkiona bei yake huku. Epuka maranda ya mwerezi na msonobari, harufu yake inadhuru mapafu.

Neno kujivua gamba tulilichosha kwenye siasa za Tanzania mwaka 2011, lakini kwa nyoka ni suala la maji. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unamtosha wa mahindi, 60 hadi 75 chatu. Macho yakigeuka ya maziwa, mwekee kopo lenye tundu, ndani yake kuvumwani au karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa. Gamba likitoka vipande vipande, sanduku ni kavu. Likibaki kwenye jicho usilivute kwa kucha, nenda kwa daktari wa wanyama.

Wiki ya sanduku tupu

Sasa kila kitu kimechomekwa, na nyoka bado yuko dukani. Acha hivyo siku saba. Weka daftari kando, uandike namba za pande zote mbili asubuhi, jioni, na mara moja au mbili saa tisa za usiku, wakati mfumo wa kupasha nyumba umezimwa na chumba kimeshuka hadi nyuzi 15. Hiyo saa tisa ndiyo itakayokwambia ukweli. Mara nyingi utagundua upande wa kupumulia unakuwa baridi mno, au kwamba jua la saa nne linaingia dirishani na kupanda kwenye kioo. Hamisha sanduku. Tangi la kioo likipigwa na jua la dirishani huua kwa muda mfupi, hata Ulaya, hata Machi.

Hesabu na umeme. Mkeka wa wati 12 usiozimwa kabisa unakula chini ya yuniti 9 kwa mwezi. Ukiwa na themostati ni pungufu ya hapo. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 12 kwa siku inakaribia yuniti 22. Umeme ukikatika, funika sanduku kwa blanketi, weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo nje, upande mmoja, na usimlishe mpaka joto lirudi.

Akishaingia, mwache siku tano hadi saba bila kumshika, kisha mpe kitoto cha panya kilichoyeyushwa kutoka kwenye friza. Usimpe kilicho hai. Akila, usimguse siku mbili. Kuanzia hapo sikiliza anachokwambia kwa mahali anapolala. Asipobanduka upande wa joto, sanduku ni baridi. Akishinda amejibana kwenye kona ya baridi, au ndani ya bakuli la maji, punguza joto, kisha mkague utitiri. Akihema mdomo wazi au akitoa mlio wa mluzi, hapo si suala la vifaa tena, ni la daktari.

Nyoka wa mahindi huishi miaka 15 hadi 20, chatu wa kifalme hata 30. Yule wa nyuma ya friji sasa ana miaka sita, na kipimajoto chake asubuhi hii kimesoma 29. Kwa hiyo ukiwa umesimama pale dukani, na mtoto anakuvuta mkono, lipia themostati, lipia vipimajoto viwili, umwambie muuzaji akuwekee huyo nyoka. Utarudi kumchukua Jumamosi ijayo.